Tulipanda Mgeta kwa Baiskeli za Gia

Vitalis amekufa mara mbili, na mara ya kwanza mimi nilikuwepo. Ndiyo maana juzi binti yake Yustina aliponipigia simu, "Shikamoo baba mdogo," nikamwitikia marahaba, akaniambia baba ametutoka alfajiri, sikumpa pole. Nilimwuliza, "Umemwona mwenyewe, kwa macho yako?" Nikamwuliza tena, "Mwili upo?" Vijana wangu dukani waligeuka kuniangalia, maana wamezoea kunisikia nikiuliza hivyo kuhusu mzigo wa bandarini, siyo kuhusu mtu. Yustina akasema taratibu, "Upo, baba mdogo. Safari hii upo." Hapo ndipo nilipokaa juu ya boksi la tairi.

Mimi si mtu wa kukaa chini ovyo. Kariakoo nzima, kuanzia wenye maduka ya jumla mpaka wasukuma mikokoteni, inajua kwamba Maganga husimama toka kufungua mpaka kufunga. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililipitia dirishani, lakini leo ile ghorofa ya vipuri vya baiskeli na pikipiki pale kwenye kona ni yangu, na wenye digrii zao wananiletea makaratasi niweke saini. Siandiki haya ili nisifiwe. Nasifiwa tayari. Naandika kwa sababu mwaka ule mmoja niliopanda milima na Vitalis huwa nausimulia kwenye harusi na vikao, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na juzi nikiwa nimekaa juu ya lile boksi niligundua kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuucheka.

Ulikuwa mwaka ambao biashara ilifunguliwa na neno ruksa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Aliyewahi kupanga foleni ya sabuni akarudi nyumbani na kiberiti ndiye atakayenielewa. Ghafla maduka yakaanza kujaa: dawa ya meno, vitenge, redio za kaseti, mitumba imemwagwa chini kama mchanga. Mimi na Vitalis tulikuwa mafundi wa kuunga baiskeli kwa Mzee Manilal, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo juu ya duka la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Baiskeli zilikuja kwenye makasha, vipande vipande. Sisi tulizipa umbo. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka, dirisha moja linaloangalia uchochoro, na kilinuka grisi, mpira mpya, na ubani ambao mke wa Manilal aliuchoma kila asubuhi mbele ya picha za miungu yao. Mchana harufu ya dengu na bizari ilishuka ngazi kutoka jikoni kwake, na Vitalis akiwa ananyoosha spoki alikuwa akilalamika, "Watu wana duka kama hili na hawali nyama. Ningekuwa mimi ningemla ng'ombe na pembe zake." Kwao Vitalis ni Mgeta, huko juu Uluguru, wanakolima kabichi na karoti zinazouzwa hapa sokoni. Alikuwa na mke huko na mtoto mmoja wa kike, na kila nilipomwuliza ataenda lini kuwaona alinijibu neno lile lile, huku akivuta suruali juu na kukohoa kidogo: "Mwezi ujao." Nilimsikia akisema mwezi ujao mpaka nikaacha kuuliza.

Masika ya mwaka ule maji yaliingia Jangwani kwa hasira. Vitalis alikuwa amepanga chumba huko bondeni kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na nyumba ile ilichukuliwa na maji pamoja na watu waliokuwa ndani. Yeye alinusurika kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumeshusha makasha dukani mpaka tukachoka, akalala hapo hapo juu ya makaratasi. Asubuhi alienda kuangalia, akakuta tope tupu. Alirudi akaniambia, "Nguo zangu zimekwenda baharini," akashika spana, akaendelea na kazi. Toka siku hiyo akawa analala na mimi kwenye chumba cha nyuma. Kwao hakutuma neno. Wala mimi sikufikiria kwamba kulikuwa na neno la kutuma. Mtu yupo, mzima, anakoroma pembeni yangu, unatuma salamu gani?

Makasha yale yalikuwa na baiskeli za gia. Kati yetu na ofisi ya Manilal palikuwa na ukuta wa mbao, na kwa wiki nzima tulimsikia shemeji yake akimgombeza kwa Kigujarati, na katikati ya Kigujarati hicho yakichomoza maneno tunayoyajua: gia, gia, Bongo, tambarare. Shemeji alikuwa na haki. Wateja walikuja, wakazishika zile gia kama wanavyoshika samaki wasiyemwamini, wakauliza, "Mzee, za nini hizi? Toka Feri mpaka Ubungo nitapanda mlima gani?" Wakaondoka. Ndipo Manilal alipotuita. "Zinahitaji milima," akasema. "Wale wa Mgeta wanaoleta kabichi hapa sokoni, wanabeba magunia kichwani mpaka barabarani. Nendeni nazo mbili. Mpande, mteremke, mrudi. Zikirudi zote mbili nzima, Maganga, ile pembe ya baraza mbele ya duka ni yako, utauza gia mwenyewe kwa jina lako." Mtu ambaye hajawahi kuwa hana kitu hawezi kujua pembe ya baraza Kariakoo maana yake nini. Nilimgeukia Vitalis nikiwa nimejaa meno. Yeye alivuta suruali, akakohoa, akasema, "Mwezi ujao labda." Nikamwambia, "Kesho kutwa."

Kwa hiyo tukaenda. Mke wa Manilal alitufungia chapati zenye majani ya uwatu na achari ya embe, Manilal mwenyewe akafunga uzi mwekundu kwenye kila usukani, na mafundi wenzetu wa baraza za jirani wakatusindikiza kwa kejeli mpaka Magomeni. "Maganga, ukifika mlimani tuletee theluji." Nilikuwa kijana wa mjini, mguu wangu nauamini, na kosa langu la kwanza lilikuwa la kiume kabisa: niliona gia kubwa ndiyo ya wanaume na ile ndogo ni ya wazee. Vilima vya Kibaha nilivipanda kwa gia kubwa, nimesimama juu ya pedeli, macho yamenitoka, wakati Vitalis ananipita ameketi, anazungusha miguu kama mtu anayecheza na maji. "Shusha gia, wewe," akasema. Sikushusha mpaka tulipovuka bonde la Ruvu na kilima cha pili kikanikalisha chini pembeni ya barabara. Niliposhusha, nusura nianguke kwa mshangao. Mguu ulikuwa mwepesi kama vile mtu ameniwekea mkono mgongoni ananisukuma. Niligeuka kweli kuangalia nyuma. Toka siku hiyo sijawahi kumwambia mteja kwamba gia ni rahisi kuelewa. Namwambia panda kwanza, tutaongea ukirudi.

Tulilala Chalinze kwenye mabenchi ya mama mmoja muuza supu, tukafika Morogoro na ngozi ya matako imeisha, na kutoka hapo nikaiona milima ya Uluguru ikiwa imesimama na mawingu mabegani. Tukapita Mzumbe tukaacha lami. Sasa barabara ikawa inapanda kweli, upande huu ukuta wa mlima, upande huu bonde ambalo ukidondosha jiwe husikii likifika. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu, njegere, kabichi, karoti, na wanawake wanateremka na magunia kichwani, wanasimama kutupisha, wanatuangalia. Ndipo moshi ukaanza kunitoka mdomoni. Ninakuapia, nilishuka kwenye baiskeli. Nilikuwa sijawahi maishani kuona pumzi yangu mwenyewe, na nilidhani kuna kitu kimeungua ndani kwa kupanda sana. Vitalis alicheka mpaka akaegemea mlima. "Ni baridi tu, ndugu yangu. Huku hata mbuzi wanatoa moshi." Kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku hiyo. Kadiri tulivyosogea alizidi kunyamaza, akajifunika gunia mabegani na kofia mpaka kwenye nyusi, na mimi nikafikiri ni baridi. Pale juu kabisa milima miwili imeachiana nafasi ndogo kama watu wanaopishana mlangoni, upepo unapita hapo unapiga mluzi, na ng'ambo yake barabara inadondoka kwenda mtoni. Tuliteremka huku mpira wa breki unanuka kuungua. Katikati ya mteremko cheni ya Vitalis ikatoka, akaniambia tangulia, nikutane na wewe kwenye daraja.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa vijana wa siku hizi. Mimi ni Mnyamwezi, Vitalis Mluguru, na sisi ni watani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitu chako ukikomboe, na kwenye msiba ndiye mwenye kazi: anachimba kaburi, anagawa chakula, anawatania wafiwa mpaka wacheke, na hakuna wa kumkasirikia. Nililijua hilo kijuujuu, kama kijana wa Kariakoo anavyojua mambo ya kabila lake. Kwa hiyo nilipofika darajani na kumkuta mama wa makamo anaosha karoti kwenye mto wa Mgeta, nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza kabila langu nikamwambia, sikushangaa alipoanza.

"Mnyamwezi gani wewe unakuja msibani wakati pombe inaisha?" akasema. "Mizigo ya kubeba yote tumebeba wenyewe."

"Msiba wa nani, mama?"

"Wa Vitalis, mume wa Agata. Maji yalimchukua huko kwenu Dar. Leo tunaondoa tanga."

Nikacheka. Nilikuwa na uhakika ananitania, kwamba wametuona toka juu wakapanga. Nikamjibu kama mtani anavyojibu: "Vitalis ninayemjua mimi ni mvivu, mama. Hata kufa angemtuma mtu." Na yeye akacheka, akapiga kofi, akasema, "Sasa ndiyo umekuja msibani." Tulikuwa tunacheka wote wawili, kila mtu akijua anachokijua, wakati Vitalis alipotokea kwenye kona akiteremka na gunia lake mabegani. Alisimama. Akavua kofia.

Yule mama hakupiga kelele. Kapu lilimtoka, karoti zikaanza kuondoka na maji moja moja, na yeye akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mto ukamfika magotini na khanga ikaelea.

"Mama Fransiska," Vitalis akasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema yule mama. "Ndiyo maana nakwambia usije karibu."

Kicheko kilikuwa bado kipo usoni mwangu. Nilikisikia kimeganda, sijui nikiweke wapi. Kwa maneno machache, akiwa bado majini, mama Fransiska alitueleza. Masika yalipoisha, mbeba kabichi mmoja wa kijiji chao alienda Jangwani kumtafuta Vitalis. Majirani walimwonyesha tope, wakamwambia waliokuwamo wote wameondoka na maji, wakampa begi lililokutwa limenasa kwenye mti. Ndani mlikuwa na nguo za Vitalis. Mtu yule alilileta begi mpaka huku kwa heshima yote. Kwa kuwa mwili haukupatikana, walikata shina la mgomba, wakalifunga na suruali yake, katekista akasali, wakazika. Vitalis alikuwa anasikiliza mdomo wazi, na ule moshi unamtoka. "Suruali ipi?" akauliza. Mpaka leo sijui kwa nini mtu katika hali ile aliuliza suruali ipi.

Tulisukuma baiskeli kupanda kwenda nyumbani kwake. Tulipokaribia tukasikia kelele za watu wengi wanacheka, tukasimama nyuma ya migomba. Uwanja ulikuwa umejaa, mitungi ya pombe ya mahindi pembeni, na katikati alikuwa anatembea mzee mmoja wa Kingoni, Mzee Komba, mtani wao mwingine, aliyebaki huko toka zamani za mashamba ya mkonge. Alikuwa amevaa shati la Vitalis. La buluu, lenye kiraka cha kijani begani. Nililijua kama ninavyoijua mikono yangu, tulikuwa tunaazimana. Nilikuwa nimesikia kwamba mtani humwiga marehemu. Sikuwa nimewahi kuona. Komba alivuta suruali juu, akakohoa kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti ya Vitalis. Siyo kama ya Vitalis. Yenyewe.

"Mama Yustina, nakuja mwezi ujao. Mwezi ujao naleta bati."

Mwanamke aliyekaa mkekani mbele, kichwa kimenyolewa, akamjibu, "Mwezi ujao upi, baba Yustina? Huu, au wa mwaka kesho?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Yeye ndiye Agata. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka, ana sura ya mtu aliyetua gunia baada ya kulibeba mlima mzima.

"Mwezi ujao nakuletea doti ya khanga. Mtoto viatu. Mwambie alale nitakuja na viatu."

"Amelala na kuamka mara nyingi, baba. Miguu imekua."

Vitalis alinishika mkono. "Nani amemfundisha sauti yangu?" akaninong'oneza. Nilikuwa naangalia watu wawili wenye sauti moja, na nakiri kwamba kwa dakika ile sikujua ni yupi niliyekuwa nimepanda naye mlima. Kisha Vitalis akatoka nyuma ya migomba, nami nikamfuata nikisukuma baiskeli yangu.

Vicheko havikukatika kwa pamoja. Vilikufa upande mmoja kwanza, vikaenda vikifa mpaka upande wa pili, ukabaki mlio wa gurudumu la baiskeli yangu likizunguka. Yustina, wakati huo ni kitoto kisichofika hata kwenye siti ya baiskeli, alimwangalia Vitalis, akamwangalia Komba, halafu akakimbia akajificha nyuma ya miguu ya Komba, ameshika pindo la lile shati. Nimeona mengi. Nimeona duka likiungua na mwenyewe yuko nje anahesabu funguo. Sijaona uso kama wa Vitalis alipoona mwanawe amekimbilia wapi.

Walimpa kigoda, mbali kidogo na mlango. Mjomba wake, Mzee Pius, ndiye mwenye kauli, maana kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Alikuwa mtu mpole na sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Mwanangu, tunashukuru. Lakini tumekuzika. Nyumba hii ni ya mjane. Hatuwezi kumwingiza mtu aliyezikwa kwa mjane kana kwamba ametoka shambani." Vitalis akasema, "Mjomba, mnaniona nakaa hapa." Mzee Pius akasema, "Tunakuona. Waliokufa nao huonekana." Akamgeukia Agata. "Mama, sema na wewe."

Agata alijifuta macho. Alimwangalia mumewe muda mrefu, siyo kwa chuki. "Nilipoletewa lile begi nililia," akasema. "Nililia siku zile zote, muulizeni yeyote hapa. Halafu nikasema, basi, sasa sisubiri tena. Mnajua kulala usiku usiposubiri kunavyokuwa? Nimelala. Nimepanga kupeleka karoti mjini mwenyewe, si wanasema sasa ni ruksa kila mtu. Sasa huyu anataka nianze tena kusubiri." Akageuza uso. "Akikaa, akae. Lakini mimi mume wangu ni yule," akamwonyesha Komba kwa kidevu, "yule aliyevaa shati."

Nilitegemea Vitalis angekasirika. Ndivyo mimi ningefanya, ndivyo mwanamume yeyote wa baraza zetu angefanya. Alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti. Halafu akamwambia Komba, "Mzee, naomba shati langu."

"La kwako liko wapi?" Komba akajibu, bado kwa ile sauti, ikanisimamisha nywele. "Hili ni ujira wangu. Nimechimba kaburi, nimekulilia, nimekuchekeshea wafiwa. Mtani harudishi alichochukua." Akanigeukia mimi, akarudi kwenye sauti yake ya Kingoni. "Ila mtani mwenzangu anaweza kulikomboa. Wewe mpagazi, Mnyamwezi. Umekuja msibani mikono mitupu? Nipe hiyo."

Kidole chake kilionyesha baiskeli yangu.

Nilicheka, nikatazama huku na huku nione nani mwingine anacheka. Hakuna. Mzee Pius alikuwa ananiangalia kwa upole ule ule, na nikaelewa kwamba hawa watu hawafanyi mchezo. Kwamba uwanja mzima ulikuwa unanisubiri mimi, kijana wa darasa la nne niliyekuja kuuza gia. Bila lile shati Vitalis angeteremka mlima ule akiwa maiti, na asingepanda tena. Nikamwambia Komba baiskeli siyo yangu, ni ya Mhindi. Akasema, "Na huyu naye siyo wako, ni wa kwetu. Mbona umekuja naye?" Nikatazama ule uzi mwekundu kwenye usukani. Niliiona pembe ya baraza, niliiona imepakwa rangi, na jina langu juu.

Watu huwa wananiuliza mtaji nilipata wapi, na huwa najibu, kichwani. Basi ukweli ni huu. Niliporudi Kariakoo na baiskeli moja, Mzee Manilal alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho, akamwita mkewe, nikarudia, wakatazamana. Aliniuliza swali moja: "Ilipanda?" Nikasema ilipanda. Akakaa akishika kidevu, akasema itakuwa imesimama pale juu mbele ya watu wote wa kabichi, akanipa pembe. Na wa kabichi walikuja kweli, wakitaka baiskeli kama ile ya Mgeta. Lakini siku ile uwanjani sikuwa na habari ya hayo. Nilichojua ni kwamba naachia maisha yangu kwa ajili ya shati lenye kiraka. Mkono wangu uliusukuma usukani kwa Komba kabla kichwa hakijakubali.

Komba hakujua kuendesha. Aliishika baiskeli kama anavyoshikwa fahali, akaisukuma kuuzunguka uwanja, na watu wakampisha. Nikafikiri anaipeleka kwake. Akazunguka tena, akasimama mbele ya mkeka wa Agata. Akavuta suruali juu. Akakohoa kidogo.

"Mama Yustina," akasema kwa sauti ya Vitalis, "nimekuja. Bati sikupata. Nimekuletea hii ya kubebea karoti."

Akailaza mkekani miguuni pake. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Agata akaisogelea. Alinyoosha mkono akashika gurudumu, kisha cheni, akatazama grisi iliyobaki kwenye vidole vyake. Komba akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, akalivua shati, akabaki kifua wazi kwenye baridi ile, mzee mwembamba wa Kingoni asiyefanana na Vitalis hata kidogo. Yustina alimwachia mguu, akarudi nyuma. Komba akamtupia Vitalis lile shati. "Vaa," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Umeshaleta kitu nyumbani."

Vitalis alisimama akaanza kuingiza mkono kwenye mkono wa shati, na hapo Agata akamkataza.

"Lifue kwanza," akasema. "Linanuka Mngoni."

Vitalis akalikunja, akateremka nalo mtoni. Sisi wote tulibaki pale uwanjani, hakuna aliyegusa pombe, tukimsikiliza akilipiga kwenye jiwe.